Klabu 26 katika maisha ya mchezaji mmoja

Tarehe 2 Julai 2010, uwanja wa Soccer City, Johannesburg. Robo fainali ya Kombe la Dunia kati ya Ghana na Uruguay imefika kwenye mikwaju ya penalti, na mkwaju wa mwisho wa Uruguay anapewa Sebastián Abreu. Anauweka mpira, anarudi nyuma, anakuja mbio kama mtu anayetaka kutoboa nyavu, halafu anauchota taratibu kwa chini. Kipa Richard Kingson ameshajirusha. Mpira unaelea hewani na kutua katikati ya goli. Ghana wanatoka, na Waafrika wengi hadi leo tukiuona mkwaju ule roho inatuuma.

Ambalo hatulisemi sana ni kwamba wanaume wale wawili waliotazamana pale walikuwa ndugu wa kazi moja. Abreu, akiwa na miaka 33, alikuwa ameshacheza Uruguay, Argentina, Hispania, Brazil, Mexico, Israel na Ugiriki. Kingson, miaka 32, alitoka Ghana angali kijana, akazunguka klabu kadhaa za Uturuki hadi akapata uraia na jina la Kituruki, akapita Hammarby ya Sweden, kisha Birmingham na Wigan za England. Hawa ndio wachezaji ambao mashabiki huwaita wasiotulia.

Lugha yetu yenyewe imegawanyika juu yao. Mtembezi hula miguu yake, walisema wazee. Lakini wazee haohao wakasema mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Nimesikia mabishano mengi ya soka yakiendeshwa na methali hizi mbili bila mtu kuzitaja, na kwa kawaida anayeshinda ni wa methali ya kwanza. Naona anashinda kwa sababu hesabu yake ni nyepesi: anahesabu klabu tu.

Tumhesabie basi Abreu. Mwishoni mwa 2017 alijiunga na Audax Italiano ya Chile, ikawa klabu yake ya 26 katika nchi 11, na Guinness wakamwandika kuwa mwenye rekodi ya dunia. Alipotangaza kustaafu mwaka 2021, akiwa na miaka 44, alikuwa amepita 30. Ukiisoma orodha ile harakaharaka utasema mtu huyu hakuwa na mapenzi na jezi yoyote. Isome polepole. Deportivo La Coruña ya Hispania walimnunua Januari 1998, akacheza miezi michache, kisha kwa miaka kadhaa wakawa wanamtoa kwa mkopo: Brazil, Mexico, Argentina, hadi nyumbani kwao Uruguay. Klabu hizo zote zimo katika orodha yake kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa akifungasha mabegi kwa hiari. Ukweli ni kwamba alikuwa mali ya mwajiri mmoja aliyekuwa akimkodisha. Na alikokodishwa alifunga. Mexico alifikia kuwa mfungaji bora wa ligi.

Hapa ndipo shutuma ya "hatulii" inapoanza kunishinda kuielewa. Mwaka 2016 chama cha wachezaji duniani, FIFPRO, kilitoa ripoti iliyotokana na majibu ya wachezaji karibu 14,000 kutoka nchi 54. Wastani wa mkataba ulikuwa chini ya miaka miwili. Piga hesabu: mchezaji wa kiwango cha kati akidumu miaka 15 uwanjani, atasaini mikataba ipatayo minane. Wengine wataongezewa palepale walipo, lakini wengi wao mkataba ukiisha kocha mpya ameshakuja na watu wake, au klabu imeshuka daraja, au mwenye timu ameishiwa. Mchezaji mwenye klabu saba huenda hajawahi kuvunja mkataba hata mmoja.

Ripoti hiyohiyo ilionyesha kuwa asilimia 41 ya waliojibu walicheleweshewa mishahara katika misimu miwili iliyotangulia, na asilimia 45 walikuwa wakipata chini ya dola 1,000 kwa mwezi. Nikisoma namba hizo sioni wachumia tumbo. Naona wafanyakazi. Kanuni za FIFA sasa zinasema mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili anaweza kuipa klabu notisi ya siku 15, na wasipolipa akaondoka huru. Akiondoka, shabiki anaona jina la klabu nyingine tu likiongezeka kwenye orodha. Yupo pia aliyetamani kuondoka akashindwa: Mfaransa Zahir Belounis aligombana na klabu yake ya Qatar juu ya malipo, na kwa kuwa sheria ya wakati ule ilitaka kibali cha mwajiri ili mfanyakazi atoke nchini, alikwama huko na familia yake hadi Novemba 2013.

Tusisahau pia kwamba haki yenyewe ya kuondoka ilipiganiwa. Mkataba wa mchezaji Mbelgiji Jean-Marc Bosman na RFC Liège ya kwao uliisha 1990, lakini klabu ikadai ada kabla ya kumwachia aende Dunkerque ya Ufaransa. Kesi ile ndiyo iliyoleta hukumu ya Mahakama ya Haki ya Ulaya ya tarehe 15 Desemba 1995, na tangu hapo mchezaji ambaye ni raia wa Umoja wa Ulaya, mkataba ukiisha, anahamia klabu ya nchi nyingine ya umoja huo bila kudaiwa ada.

Hata hivyo upande wa pili una hoja, na nzito. Kuhama kuna gharama ambayo haiandikwi kwenye mkataba. Chukua mshambuliaji anayefika nchi mpya Januari. Anapimwa afya, anapigwa picha na skafu, analala hotelini wiki tatu. Mgongoni anavaa namba iliyobaki. Siku ya kwanza kwenye chakula cha mchana meza zimeshajigawa, kila kundi na lugha yake. Mkalimani yupo mazoezini, lakini mechi ikianza hayupo, na neno la kwanza analopaswa kulijua ni lile wenzake wanalopiga kelele pale beki anapomjia kwa nyuma. Asipolijua anapoteza mpira, na jukwaani wanasema huyu mgeni hana kitu. Winga naye hajui kama mtu huyu anapenda krosi ya mapema au ya kuchelewa. Mambo hayo yanataka miezi, na yeye amepewa mkopo wa miezi mitano.

Mbwana Samatta analionyesha hili wazi. Sehemu ya kwanza ya safari yake ilikuwa ya kukaa: miaka mitano TP Mazembe, iliyomletea tuzo ya mchezaji bora Afrika kwa wanaocheza barani, kisha miaka minne Genk, ambako alifunga mabao 23 ya ligi katika msimu wa 2018/19 na kutwaa ubingwa wa Ubelgiji. Januari 2020 akaenda Aston Villa. Alifunga kwenye mechi yake ya kwanza ya ligi dhidi ya Bournemouth, akafunga tena fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Premier League. Miezi minane baada ya kufika, akapelekwa Fenerbahçe. Kisha Antwerp, kisha Genk tena, kisha PAOK. Mabao ya Genk ya mwanzo hayakurudi kwa wingi ule. Siwezi kumlaumu kwa kuitikia wito wa England, nani angekataa? Ila kipindi cha kuhamahama kilimnyima kitu kilichomjenga, yaani timu iliyomzoea.

Halafu anakuja Michael Olunga na kuvuruga hitimisho hilo. Kutoka Gor Mahia alikwenda Djurgården ya Sweden, akaenda China, akapelekwa kwa mkopo Girona ya Hispania. Huko alifunga mabao matatu katika mechi moja dhidi ya Las Palmas, Januari 2018, na bado muda mwingi alikuwa akisugua benchi. Mwenye kuhesabu klabu angesema kijana amepotea. Akaenda Kashiwa Reysol ya Japani. Tarehe 24 Novemba 2019 akapachika mabao manane katika mechi moja, Kashiwa wakiifunga Kyoto Sanga 13-1. Mwaka uliofuata, ligi kuu, mabao 28, mfungaji bora na mchezaji bora wa msimu. Angeng'ang'ania kubaki Hispania kwa sababu ya jina la ligi, yote hayo yasingetokea.

Tofauti ya wawili hawa, ninavyoiona, haipo kwenye idadi ya klabu. Olunga alipotoka Girona alikwenda mahali walipomhitaji acheze, akakaa. Samatta baada ya Villa alipita mikononi mwa klabu ambazo kila moja ilikuwa ikijaza pengo la msimu. Kwa hiyo kabla ya kumhukumu mchezaji ningeuliza nani aliamua ahame, na alikokwenda alicheza dakika ngapi.

Wapo waliohama kwa kosa lao, sikatai. Nicolas Anelka aliondoka Arsenal mwaka 1999 akiwa na miaka 20 baada ya mvutano mrefu, akadumu msimu mmoja tu Real Madrid. Lakini huyohuyo, miaka kumi baadaye, alikuwa mfungaji bora wa Premier League akiwa na Chelsea.

Na maisha baada ya kutundika daluga je? Kipa Mjerumani Lutz Pfannenstiel alicheza soka la kulipwa katika mashirikisho yote sita ya mabara yaliyo chini ya FIFA, wa kwanza kufanya hivyo. Njiani alifungwa siku 101 Singapore kwa kesi ya kupanga matokeo ambayo siku zote ameikana, na mwaka 2002 aliacha kupumua uwanjani England akafufuliwa. Hakuna mzazi angemtakia mwanawe hayo. Baadaye aliajiriwa kusaka vipaji Hoffenheim, akawa mkurugenzi wa michezo Fortuna Düsseldorf, kisha St. Louis City ya Marekani. Mtu anayefahamu vyumba vya kubadilishia nguo vya mabara yote ana ujuzi ambao aliyekaa klabu moja miaka 15 hana.

Kingson naye, yule wa Johannesburg, alikwenda kwenye Kombe lile la Dunia akitoka kusugua benchi Wigan, na baada ya mashindano hakuwa na klabu. Miezi michache baadaye Blackpool, waliokuwa wamepanda daraja, wakamsajili. Akiwa amepita miaka 32, katika klabu yake ya tatu England, ndipo hatimaye alipodaka Premier League wiki baada ya wiki.