PDF Zako Zikae Ndani ya Zotero, Si Kwenye Flashi

Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja anayesoma shahada ya uzamili alinifuata nyumbani hapa Moshi, laptopu ameikumbatia kifuani. "Shikamoo dada. Zotero imefuta makala zangu zote." Nikamwambia aifungue hiyo programu yake ya kutunza rejea na makala, nione. Orodha ilikuwepo kamili: waandishi, miaka, majina ya majarida, hata lebo za rangi alizoweka mwenyewe. Nikabonyeza makala moja ya mnyauko wa migomba. Kikatokea kiboksi kusema faili halipatikani, na chini yake njia ya faili imeanza na E:\Makala. Nikamuuliza, hiyo E ni nini? Akakaa kimya kidogo. "Ni ile flashi iliyopotea kwenye daladala ya Boma."

Zotero haikufuta chochote. Haikuwahi kuwa na hayo mafaili.

Kuna njia mbili za kuambatisha faili kwenye rejea. Ya kwanza, programu inachukua nakala na kuiweka kwenye folda yake, ndani ya kifolda kidogo chenye jina la herufi na tarakimu nane zisizo na maana kwako. Ya pili, inaandika tu anwani ya mahali faili lilipo, basi. Ukiona alama ndogo ya mnyororo kwenye kiambatisho, ujue hiyo ni anwani. Ukihamisha folda, ukibadilisha jina la faili, au ukichomeka flashi kwenye kompyuta ya stationery ikasomeka F badala ya E, anwani imekufa.

Nilimuuliza kwa nini alichagua anwani. Akajibu kwamba aliambiwa chuoni asiweke mafaili ndani ya Zotero kwa sababu nafasi ni MB 300 tu. Hapo ndipo ninapotaka tuelewane, maana ushauri huu nimeusikia mara nyingi na unawaumiza watu. Hizo MB 300 za bure ni nafasi ya kwenye seva, yaani kompyuta za Zotero za mtandaoni, kwa ajili ya kusawazisha mafaili, ili yafanane kwenye kila kifaa chako. Laptopu yako haihusiki. Diski yako ikiwa na nafasi ya GB 50, weka hata hizo 50. Na rejea zenyewe, yaani majina, tarehe, muhtasari na vidokezo vyako, husawazishwa bure na hazihesabiwi kwenye hizo 300.

Mimi nakusanya ripoti za zamani za kilimo cha kahawa huku Kilimanjaro. Nyingi ni karatasi nilizozipiga picha kwa simu nikazigeuza PDF, na moja hufika MB 40. Saba tu na nafasi ya seva imekwisha. Kwa hiyo nimezima kusawazisha mafaili kwenye mipangilio, nikaacha rejea peke yake, ambazo hata bando hazilisumbui. Mafaili yote yako ndani kama nakala. Kila Jumamosi naifunga Zotero kwanza (usinakili ikiwa wazi), kisha nanakili folda yake nzima kwenye diski ya nje inayokaa kabatini. Mwenye uwezo anaweza kulipa dola 20 kwa mwaka akapata GB 2, na chuo chenye seva ya WebDAV (aina ya hifadhi ya mtandaoni ambayo Zotero inaweza kuitumia) kinaweza kuwapa wanafunzi wake nafasi huko.

Jambo moja naomba sana msilifanye: kuiweka folda ya Zotero ndani ya Dropbox au OneDrive ili ijisawazishe yenyewe. Humo mna faili linaloitwa zotero.sqlite, ndiyo hifadhidata yenyewe, na huduma hizo zinaweza kuliharibu. Likiharibika hilo, utabaki na vifolda mamia vya herufi nane usijue kipi ni cha nani.

Kuna wanaopenda kupanga folda zao kwa mikono na hawataki kuacha. Sawa, lakini wakaweke folda mama kwenye mipangilio ya viambatisho, ili anwani zihesabiwe kuanzia hapo. Wakihama kompyuta watabadilisha mstari mmoja tu. Wajue pia kwamba maktaba ya kikundi, ile mnayoshiriki na wenzenu ndani ya Zotero, haipokei anwani kabisa, hivyo siku ya kufanya kazi pamoja na msimamizi watalazimika kuweka nakala tu.

Tukarudi kwenye laptopu yake. Makala zilikuwa 64. Arobaini na moja tulizikuta kwenye folda ya vilivyopakuliwa na kwenye WhatsApp ya mwenzake wa darasa. Nilianza na ile ya migomba: nikaielekeza Zotero kwenye faili jipya, ikafunguka, na mistari yake yote ya njano ikawa palepale alipoichora, pamoja na maoni ya pembeni. Tangu toleo la 6 la mwaka 2022, unachochora ndani ya Zotero hukaa kwenye hifadhidata, hakiingii kwenye PDF. Flashi ilikuwa imepotea na miezi minne ya usomaji wake haikupotea.

Alifuta macho kwa upande wa khanga, akavuta kiti karibu. Tulipomaliza zote 41, tukaenda kwenye menyu ya zana, sehemu ya viambatisho, tukageuza anwani kuwa nakala. Zile 23 zilizobaki anazitafuta moja moja.