Jiwe libaki Luxor, mchoro ndo usafiri

Ukifika Luxor, kule Misri, nenda lile hekalu la katikati ya mji asubuhi, kabla jua halijaanza kuchoma, na ukishaingia usikimbilie kutazama juu kwenye vichwa vya nguzo kama kila mtu, inama kwanza. Mimi niliinama sehemu moja nikaona ukuta una mawimbi meupe kama shati lililokaukia jasho mgongoni, ile ni chumvi, na chini yake kuna kichuguu kidogo cha mchanga laini kama ule unga unaoachwa na mchwa chini ya boriti. Nikadhani umeletwa na upepo. Kumbe ule mchanga ndo ukuta wenyewe, ni miguu ya mtu aliyechongwa zaidi ya miaka 3000 iliyopita inadondoka punje kwa punje, goti bado lipo, kiuno kipo, mkono umeshika sadaka, ila miguu hakuna tena.

Chanzo chake ni maji. Zamani Nile ilikuwa inafurika mara moja kwa mwaka halafu inarudi zake, ardhi inapata muda wa kukauka, lakini toka Bwawa Kuu la Aswan likamilike mwaka 1970 mashamba yanamwagiliwa mwaka mzima, miwa imo, mji nao umekua na maji taka yake, basi maji ya chini ya ardhi yakapanda, na mawe ya mchanga yanayafyonza kama utambi wa koroboi unavyofyonza mafuta ya taa. Maji yakifika juu yanakauka, chumvi inabaki ndani ya jiwe, inavimba, inabandua uso wote wa jiwe na maandishi yake. Miaka ya 2000 ulifanyika mradi mkubwa wa kushusha maji kuzunguka hekalu la Luxor na lile jingine kubwa la Karnak na umesaidia, ila herufi iliyoshakuwa mchanga hairudi.

Ndo maana mi naiheshimu sana ile nyumba inayoitwa Chicago House. Ipo hapohapo Luxor, kando ya Nile, kwenye barabara ya kwenda Karnak, na ni ya Chuo Kikuu cha Chicago cha Marekani. Aliyeianzisha ni James Henry Breasted mwaka 1924, mwanzo walikaa ng'ambo ya magharibi halafu 1931 wakahamia hii ya sasa yenye maktaba. Huyu Breasted alishazunguka Misri na Sudan kuanzia 1905 hadi 1907 akipiga picha na kunakili kuta, akajionea mwenyewe kwamba maandishi yanaisha na hakuna anayeyawahi. Kazi aliyowapa watu wake ni moja tu: nakilini ukuta kabla haujapotea, na mnakili bila kukosea.

Hiyo bila kukosea ndo inanigusa. Unaambiwa mtu ni mchoraji, unawaza labda anakaa kivulini anachora kwa mkono mwepesi. Sio hivyo kabisa. Kwanza ukuta unapigwa picha kwa kamera kubwa, picha inakuzwa, mchoraji anapanda nayo ngazi mpaka mbele ya ukuta anachora kwa penseli juu ya picha yenyewe, kila mkwaruzo, kila mahali patasi ilipopita, kila mahali mtu wa baadaye alipofuta uso wa mungu makusudi. Akirudi ofisini anapitisha wino, halafu picha ya chini inafutwa kwa kemikali inabaki mistari ya wino peke yake. Hapo hujamaliza, ndo kwanza unaanza. Nakala ya mchoro inakatwa vipande, inabandikwa kwenye karatasi, msomaji wa hieroglifi, yale maandishi ya picha ya Misri ya kale, anakwenda nayo ukutani anaandika makosa pembeni, anakuja wa pili anamkagua wa kwanza, wakibishana wanarudi wote wawili ukutani, wakikubaliana mchoraji anarekebisha, na mwisho mkurugenzi naye anapanda ngazi kuangalia kwa macho yake. Hata mstari una sheria, jua linahesabiwa limetokea juu kushoto, kwa hiyo upande wa kivuli unapigwa mstari mnene na upande wa mwanga mwembamba, ukiutazama tu unajua hapa jiwe limechimbwa ndani au limeachwa lisimame nje. Sa hivi wanachora pia kwenye tableti lakini ule ukaguzi mbele ya ukuta haujaondoka.

Matokeo yake kazi inakwenda polepole mno. Hekalu la farao Ramesses wa Tatu kule Medinet Habu, ng'ambo ya magharibi, kitabu cha kwanza kilitoka 1930, cha nane kikatoka 1970, cha tisa, ambacho ni cha lile hekalu dogo la zamani zaidi palepale, kikatoka 2009. Kuna watu wanaona huo ni uzembe, wanasema leo kuna skana, siku moja umemaliza. Mi nakataa. Skana inakupa umbo la jiwe, haikuambii kama ule mstari ni mkia wa ndege au ni ufa, hilo linataka jicho la mtu anayejua lugha na aliyesimama pale saa tofauti za siku mpaka mwanga umepita kwa ubavu.

Sasa najua wapo watakaoniambia, wewe unawasifia wageni waliochukua mali za Afrika. Hapana, na hapa naomba nieleweke. Pale kwenye hekalu la Dendera, kaskazini kidogo ya Luxor, kulikuwa na dari limechongwa nyota za mbinguni kwa duara, mwaka 1821 Mfaransa mmoja, Lelorrain, akalikata kwa misumeno na baruti, likapelekwa Paris na mpaka leo lipo kwenye makumbusho ya Louvre. Ukienda Dendera sasa hivi ukainua kichwa unachokiona juu ni nakala. Yaani mwenye nyumba kaachiwa nakala, mgeni kaondoka na kitu chenyewe. Sanamu ya malkia Nefertiti nayo ikaondoka 1913 mpaka leo ipo Berlin. Hayo yananiuma na nitaendelea kusema yarudi. Lakini ndo sababu hasa ya kutofautisha: hawa wa Chicago House jiwe wameliacha mahali pake, kilichosafiri ni mchoro. Na vipande vilivyodondoka hawakuishia kuvichora tu. Pembeni ya hekalu la Luxor kuna maelfu ya vipande vya kuta zilizobomolewa zamani watu wakitafuta mawe ya kujengea, wamevisafisha, wamevinyanyua kutoka kwenye udongo wa chumvi na kuvipanga juu ya majukwaa ya matofali, vingine vimerudishwa ukutani kwenye ule ukumbi wa nguzo uliochongwa Opet, sikukuu ya mungu Amun, zama za farao Tutankhamun.

Lawama yangu iko kwingine, na sio kwa nyumba hii peke yake, ni kwa utafiti wote wa kigeni kule. Kuna mji unaitwa Quft, kaskazini ya Luxor, Muingereza Petrie, mtafiti wa mambo ya kale, alichimba hapo miaka ya 1890 akawafundisha kazi wanaume wa pale, na toka hapo ufundi ukawa wa ukoo, baba anamrithisha mtoto, msimamizi wao anaitwa rayyis, ni neno hilohilo sisi tunaloita rais. Hawa ndo wanaojua kwa kugusa tu udongo umebadilika wapi, ukuta uliozikwa unaelekea wapi. Halafu kitabu kinatoka, jalada lina majina ya maprofesa, rayyis yuko kwenye shukrani, mstari mmoja, mara nyingine hayupo kabisa. Mtu kafanya kazi miaka 40! Hilo mi siliiti jambo dogo. Jina lake liwe juu, na maelezo ya ukuta yaandikwe Kiarabu kwa ukamilifu, asome mtoto wa Luxor, mji ambao hata jina lake, Al-Uqsur, maana yake ni kasri nyingi.

Jambo zuri ni kwamba vile vitabu vikubwa ambavyo zamani hata kuvibeba ni kazi, chuo kimeviweka bure kwenye tovuti yake. Nimepakua kile cha 1930, ni faili kubwa kwa bando la simu ila limefika. Kuna ukurasa wa mchoro wa vita vya majini, jeshi la Ramesses wa Tatu na watu waliotoka baharini, mwaka wa nane wa utawala wake. Nimekuza mpaka mwisho. Jahazi moja limepinduka, maiti zimetapakaa majini huku na huku, na pale jiwe lilipokuwa limevunjika mchoraji hakukisia mkono wala uso, ameuchora ule mvunjiko kama ulivyo na kupaacha patupu.