Kibu anakimbia, Chama anatembea

Ukitaka kujua Simba au Yanga ilipata nini jana, usiulize mabao. Pita kijiweni usikilize neno wanalolitumia. Ukisikia "utulivu", timu imeshinda. Ukisikia "uvivu", imefungwa, au imetoka sare na timu ya mkoani. Mchezaji anayesemwa ni yuleyule, na mara nyingi alichokifanya uwanjani ni kilekile.

Nasema hivi nikiwa na hatia yangu. Mimi ni wa Msimbazi, yaani Simba, tangu nikiwa mtoto, nimeshawahi kumtukana beki kwa kosa la kipa, na nimeshawahi kumwita mtu garasa, yaani mchezaji asiyefaa, Jumamosi kisha Jumatano nikanunua jezi yenye jina lake. Kwa hiyo swali la kama shabiki ana haki na uwezo wa kupima kujituma kwa timu yake na fomu ya mchezaji mmoja mmoja silitazami kwa mbali. Haki anayo, hilo halina mjadala, maana tiketi analipa yeye. Uwezo ndio wenye maneno.

Tuanze na Clatous Chama. Mzambia huyu alifika Simba mwaka 2018, na haikuchukua muda kuonekana kwamba kukimbiakimbia hakukuwa kazi yake. Mpira ukipotea, Chama alirudi kwa mwendo wa mtu anayekwenda dukani kununua vocha. Lakini Desemba 2018, Simba ikihitaji bao la tatu dhidi ya Nkana na muda ukiwa umeyoyoma, aliyelifunga ni yeye. Machi 2019 AS Vita wakaja Dar es Salaam, mechi iko 1-1, dakika ya 90 Chama akaipeleka Simba robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Machi 2023 Horoya wakachapwa 7-0, matatu yakiwa yake.

Siku hizo hakuna aliyesema anatembea. Mwendo uleule ulikuwa utulivu, akili ya mpira, ufundi. Msimu wa 2023/24 mambo ya Simba yakayumba, Desemba klabu ikamsimamisha kwa masuala ya nidhamu, na ghafla kila mtu akaanza kumhesabia hatua. Alipohamia Yanga mwaka 2024 ikawa vichekesho: watu wa Msimbazi waliokuwa wakimwita Mwamba wa Lusaka wakakumbuka kwamba alikuwa mvivu siku zote, na watu wa Jangwani, yaani Yanga, waliomwita mvivu kwa miaka sita wakagundua kumbe ni mtulivu.

Sasa mchukue Kibu Denis, ambaye ni kinyume chake. Alitoka Mbeya City mwaka 2021 na msimu wake wa kwanza Simba akafunga mabao 8 ya ligi, hesabu nzuri kwa mgeni. Msimu wa 2023/24 alifunga moja. Moja, ligi nzima, na lenyewe lilikuwa lile la Novemba 5, 2023 dhidi ya Yanga, siku ambayo Simba ilifungwa 5-1, kwa hiyo hata kulishangilia ilikuwa aibu. Makocha wakapita, mmoja baada ya mwingine, na karibu wote wakaendelea kumpanga. Mjadala wake ukaugawa mtaa kati. Wapo waliosema huyu ndiye mchezaji pekee anayevuja jasho la jezi, na wapo waliouliza kama Simba imesajili mshambuliaji au mkimbia mbio za nyika.

Wote wawili walikuwa na hoja. Mshambuliaji analipwa kwa mabao na pasi za bao, na mtu akikaa miezi bila kimoja wala kingine, jasho lake halijazi msimamo wa ligi. Lakini aliyewahi kukaa jukwaani kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa, si mbele ya televisheni, anajua Kibu anafanya nini. Anamfuata beki wa pembeni mpaka beki huyo anaogopa kupanda. Anakimbilia nafasi ambazo hapewi mpira, na mabeki wawili wanamfuata, kiungo wake anapata upenyo. Mpira ukipotea ndiye wa kwanza kugeuka. Haya hayaandikwi kwenye orodha ya wafungaji.

Hapo kwenye televisheni ndipo penye jambo ambalo naona linasemwa kidogo mno. Uwanja wa Mkapa unachukua watu 60,000. Mashabiki wengine wote, mamilioni ya watu, wanaiona mechi kupitia Azam TV, nyumbani au kibanda umiza, vile vibanda vya kulipia kutazama mpira. Kamera inafuata mpira. Na mchezaji mmoja, katika dakika 90, anakaa na mpira mguuni dakika mbili au tatu hivi. Muda mwingine wote anafanya kazi ambayo mtu wa kibanda umiza haioni kabisa: kuziba njia ya pasi, kumvuta mtu, kusimama mahali sahihi ili mpira usije. Kiungo mkabaji akifanya kazi yake vizuri sana, kwenye skrini anaonekana kama hayupo. Jioni utasikia, "Leo fulani kapotea." Hakupotea, kamera ndiyo haikumtembelea.

Benchi la ufundi linaona vingine. Klabu zenye uwezo siku hizi zinawavalisha wachezaji vile vivesti vyenye kifaa mgongoni, kocha anajua nani kakimbia kilomita ngapi na kwa kasi gani. Kiungo wa mpira wa kulipwa hukimbia kilomita 10 hadi 12 kwa mechi. Shabiki hana namba hizo, na klabu zetu hazimpi, kisha viongozi wanalalamika kwamba shabiki haelewi mpira. Ungemwonyesha, angeelewa. Usipomwonyesha atapima kwa alichonacho: uso wa mchezaji, jezi iliyochafuka, na bao.

Lakini nikifika hapa huwa najizuia, maana hoja hii ikisukumwa mbali inageuka kichaka cha viongozi na wachambuzi wanaotaka shabiki anyamaze. Turudi Novemba 5, 2023.

Kabla ya siku ile Simba ya kocha Robertinho ilikuwa haijafungwa katika ligi msimu huo. Msimamo ulikuwa mzuri. Hata hivyo mashabiki walikuwa wananung'unika kwa wiki kadhaa: tunashinda lakini hatuchezi, timu inachoka, kipindi cha pili tunateseka. Waliitwa wasioridhika. Mechi ikaanza, mapumziko 1-1. Kipindi cha pili Yanga wakaongeza manne: Maxi Nzengeli mawili, Aziz Ki moja, Pacome Zouzoua moja la penalti. Siku mbili baadaye Simba ikaachana na Robertinho, na pamoja naye akaondoka kocha wa viungo. Fikiria hilo la pili. Klabu yenyewe, kwa uamuzi wake, ilikiri kwamba miguu ya wachezaji ilikuwa na tatizo, jambo lilelile ambalo mama muuza chapati mwenye skafu nyekundu alikuwa analisema tangu Oktoba bila kivesti wala kompyuta.

Kwa hiyo shabiki aliiona timu. Ila angalia alivyowahukumu watu mmoja mmoja baada ya mechi ileile. Kipa Aishi Manula alikuwa ametoka kwenye majeraha yaliyomweka nje kwa muda mrefu, akarudishwa langoni, akafungwa matano. Mtaani haikuwa habari ya kipa ambaye mwili wake haujarudi kwenye kasi ya mechi. Ilikuwa "kaisha huyu", na kwa baadhi ya watu ilikuwa mbaya zaidi: kauza. Neno hilo la kuuza mechi ni ugonjwa wetu wa zamani katika watani hawa wawili, na makipa ndio wanaoubeba kuliko wengine. Kosa la mshambuliaji ni "kakosa". Kosa la kipa katika mechi ya watani linaulizwa lilimgharimu nani shilingi ngapi. Sidai kwamba rushwa haijawahi kuwepo kwenye mpira wa nchi hii. Ninachosema ni kwamba tuhuma ile mara nyingi huzaliwa na matokeo, haizaliwi na ushahidi, na ikishamshika mtu haimwachii hata akicheza vizuri mechi kumi.

Mimi naona mpaka uko hapo. Jicho la shabiki ni zuri kwa timu na ni bovu kwa mtu. Kikosi kikilegea kwa pamoja, mistari ikitawanyika, watu wakianza kunyoosheana vidole baada ya bao la kwanza, huhitaji cheti cha ukocha kuligundua. Umeitazama timu hiyo wiki hadi wiki kwa miaka ishirini. Unajua inavyopumua ikiwa nzima. Lakini fomu ya mchezaji mmoja ina mambo mengi nyuma yake: maelekezo aliyopewa, nafasi aliyopangwa, mwenzake aliyeumia ambaye ndiye aliyekuwa akimlisha mipira, safari ya basi kwenda Kagera siku tatu baada ya mechi ya Caf, shirikisho la soka Afrika. Hayo shabiki anayakisia. Na anakisia haraka, kwa mechi mbili au tatu.

Wa Jangwani wanalijua hili vizuri kupitia Prince Dube. Mshambuliaji huyu alitoka klabu ya Azam FC mwaka 2024, wiki zikapita bila bao la ligi, nafasi anazipata na anazipiga nje. Nilikuwa nakaa na majirani zangu wa Yanga nikiwacheka kwa raha zangu zote. Walimwita kila jina. Desemba akasawazisha kule Lubumbashi dhidi ya TP Mazembe muda wa nyongeza, na siku chache baadaye akawapiga Mashujaa matatu katika mechi moja. Alimaliza msimu wa 2024/25 na mabao 13 ya ligi. Je, Dube wa Oktoba alikuwa hajitumi? Ukitazama mechi zile tena utaona alikuwa anafika kwenye nafasi zilezile alizofungia baadaye. Kwa mshambuliaji, kuifikia nafasi ndiyo kazi kubwa, na mtu anayekosa mara tatu kwa mechi anakuwa walau amefika mara tatu. Asiyekosa kabisa kwa sababu haonekani ndiye wa kumwogopa. Majirani zangu hawakutaka kulisikia hilo Oktoba, na kusema kweli mimi nisingelitaka pia angekuwa wa kwetu.

Kuna upande mwingine wa shilingi ambao siku hizi unazidi kuwa mzito: mkeka, yaani tiketi ya kubashiri mechi kwa pesa. Vijana wengi hawatazami tena mechi kama mashabiki watupu. Ana timu sita kwenye simu, Simba ni ya mwisho, na kona moja tu au bao moja tu limechana mkeka wake. Mtu huyu akisema winga hajitumi, anamaanisha amepoteza elfu tano. Hukumu yake inachanganyika na ya yule aliyekuja kwa mapenzi, zote zinatoka kwa sauti moja, na mchezaji hawezi kuzitofautisha anapofungua simu usiku.

Hata hivyo siko tayari kusema kelele ziishe. Wachezaji wa Simba na Yanga wanaishi vizuri kuliko wa timu nyingine za ligi yetu kwa sababu ya kelele hizohizo. Ndizo zinazoleta wadhamini, ndizo zinazofanya kiongozi aogope kulala. Ningependa tu zilenge vizuri. Kumzomea kocha aliyeshindwa kubadili mfumo ni haki. Kuizomea timu nzima iliyoingia uwanjani kama imelazimishwa ni haki. Kumzomea kijana mmoja dakika ya 30 kwa sababu krosi yake imekwenda nje, halafu kutarajia dakika ya 70 athubutu kupiga nyingine, hilo nimelifanya na najua halisaidii. Anaanza kucheza pasi za nyuma, pasi salama, na sisi tunasema amekuwa mwoga.

Desemba 15, 2024 nilikuwa kibanda umiza, Simba na CS Sfaxien, Kombe la Shirikisho Afrika. Watunisia walitangulia mapema, Kibu akasawazisha muda mfupi baadaye. Nyuma yangu alikaa mzee mmoja wa makamo, skafu shingoni, ambaye bao lile lilimtosha kwa robo saa hivi. Kuanzia hapo akarudi kwenye kesi yake. Huyu mtu anakimbia hana akili. Huyu angekuwa mbuzi angeshauzwa. Kocha mtoe, kocha huoni? Kipindi cha pili chote, kila Kibu alipogusa mpira, mzee aliguna, na kila alipokimbia bila mpira, mzee hakumwona, maana kamera haikumwonyesha.

Muda wa nyongeza ukawa unaelekea ukingoni, baadhi ya watu wameshaanza kutafuta ndala zao mlangoni, mpira ukaingia. Kibu tena, 2-1. Kibanda kikaruka, soda zikamwagika, mimi nikajikuta nimemkumbatia mtu nisiyemjua. Nilipogeuka, mzee alikuwa amesimama juu ya benchi, skafu mkononi, macho yamemtoka, anampigia kelele kila aliyekuwa karibu naye:

"Si nilisema? Si nilisema?"