Kisiwa Kionekanavyo Kutoka Ugogo

Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria hadi Dodoma, Julai 2024, Unguja imekuwa jirani. Mtu anatoka kazini Ijumaa, usiku yuko Dar es Salaam, asubuhi yuko kwenye boti, na mchana anapiga picha Forodhani. Vikundi vya vikoba vinakwenda, maofisi yanakwenda, na shule nazo zimeanza kuwachangisha wazazi. Pamoja na safari hizo umezuka ubishi ambao nimeusikia kwenye vijiwe vya kahawa na kwenye vikao vya walimu: mtu wa Bara akivuka maji kwenda kisiwani, aende kutazama nini?

Wako wanaosema kwamba visiwa vilijengwa kwa jasho la Bara, na anayekwenda huko bila kujua hilo anatazama mapambo tu. Wako wanaosema kisiwa kina watu wake, mila zake na mashairi yake, na kimechoka kuelezwa na wageni, sisi tukiwemo. Mimi naegemea upande wa kwanza. Ila naona hoja inayotolewa kuutetea ni nyepesi mno, na upande wa pili una jambo moja zito ambalo sijasikia likijibiwa.

Nianze na kwetu. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapanda hadi Mpwapwa, ikavuka Marenga Mkali, nyika ambayo msafiri hakuwa na maji ya kutegemea, ndipo ikaingia Ugogo, nchi ya Wagogo ilipo Dodoma ya leo. Mbele yake kulikuwa na pori jingine, Mgunda Mkali, kabla ya kufika Unyanyembe, Tabora ya leo, na baadaye Ujiji. Ugogo basi ilikaa katikati ya nyika mbili, na aliyetoka katika moja alifika akiwa na kiu na njaa. Watemi wa Kigogo walilijua hilo vizuri. Kila msafara ulitozwa hongo, yaani ushuru wa kupita: vitambaa vya merikani na kaniki, shanga, nyaya. Maji ya kisima nayo yalilipiwa.

Wasafiri wa Kizungu, Burton na Speke, walipita hapa katika safari yao ya 1857 hadi 1859, Stanley akapita mwaka 1871, na walalamikaji wa hongo hawakukosekana miongoni mwa wasafiri wa aina yao. Mgogo katika maandishi yao ni mtu wa tamaa, mkaidi, mwenye kuchelewesha watu. Lakini nenda ukasimame kwenye korongo lolote la wilaya ya Chamwino mwezi wa Oktoba. Utaona kisima kilichochimbwa kwa mkono kwenye mchanga, kina cha mtu kusimama au zaidi, na chini yake maji yanajichuja polepole. Mtu anateka kata moja, anasubiri, anateka nyingine, hadi ndoo ijae. Sasa uupeleke hapo msafara wa watu mia kadhaa na punda wao, wanywe usiku mmoja. Wenye kisima watakunywa nini kesho? Hongo ilikuwa kodi ya haki kabisa. Ilikuwa pia kodi juu ya biashara ya Unguja, iliyokusanywa mamia ya kilomita kutoka baharini.

Maana biashara yenyewe ilikuwa ya Unguja. Seyyid Said, mtawala wa Omani, alihamishia makao yake huko kutoka Maskati mwaka 1840. Wamarekani walikuwa wameshafungua ubalozi mdogo tangu 1837, na kitambaa chao ndicho hicho merikani kilichofika mpaka kwenye vibanda vya watemi wetu. Kilichorudi Pwani kilikuwa pembe za ndovu, mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili hivi, kilo 30 na ushei, miezi kadhaa kwa miguu. Watu husema zumari likipigwa Unguja, wanaocheza wako Maziwa Makuu. Ni kweli, ila mpiga zumari alikula kwa pembe zilizotoka kwa hao hao wachezaji.

Jambo hili halikuanza na Unguja. Kilwa Kisiwani, ambayo msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, aliitembelea mwaka 1331 na kuisifu kuwa miongoni mwa miji mizuri kuliko yote aliyoiona, iliishi kwa dhahabu iliyotoka ndani sana ya bara na kupitia Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo. Sarafu ya sultani wa Kilwa, al-Hasan bin Sulaiman, imepatikana kwenye magofu ya Great Zimbabwe. Wareno walipoiteka na kuipora mwaka 1505, walikuwa wanautaka mlango wa dhahabu hiyo.

Hapo ndipo wenzangu wengi wa Dodoma huishia, na kuhitimisha kwamba historia ya visiwa ni historia ya Bara iliyoandikwa kwa jina la mwingine. Mimi hapo nasita.

Mwalimu mmoja mzaliwa wa Pemba, ambaye amefundisha hapa miaka mingi, aliwahi kuniambia: "Ndugu yangu, nyinyi mkija kwetu hamji kututazama sisi. Mnakuja kutafuta chenu." Ana haki. Nani kati yetu, akiwa kwenye msururu wa boti, anajua kwamba kimbunga cha mwaka 1872 kiling'oa mikarafuu na minazi ya Unguja na kwa sehemu kubwa kikaiacha Pemba, na kwamba toka hapo Pemba ndiyo ikawa shamba kuu la karafuu? Hiyo ni historia ya watu, ya ardhi na ya kazi, na wala huihitaji pembe ya Ugogo kuielewa. Tunasema "visiwani" kana kwamba ni mahali pamoja. Mwana Kupona binti Msham, mwanamke wa kisiwa cha Pate, karibu na Lamu, aliyemtungia binti yake utendi wa wosia mwaka 1858, alikuwa mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, mji wa kisiwa hicho hicho, mtu aliyepigana na majeshi ya Seyyid Said. Kisiwa kilipigana na kisiwa. Ukifika na hoja yako ya Bara na Visiwa, vita hiyo huioni.

Na kuna lile jambo zito nililolitaja. Sisi tunaudai wakati uliopita wa visiwa kwa Kiswahili kilichosanifiwa katika miaka ya 1930 kwa kufuata lahaja ya Unguja. Wenyeji wa Pate, Siyu, Lamu, Mvita na Unguja walikaa chini, wakachukua kalamu na herufi za Kiarabu, wakaandika huzuni zao, dini yao na ugomvi wao, beti kwa beti. Ugogo ilikuwa na watunzi wake, wenye zeze na ilimba, na nyimbo zao zilibeba mambo makubwa vilevile, lakini nyingi ziliondoka na waimbaji. Kwa hiyo kisiwa kina sauti yake mwenyewe ndani ya historia, na sisi kwa sehemu kubwa tunasikika kupitia Burton na Stanley. Hasira yetu juu ya hilo ni ya haki, ila tusimtupie aliyeandika.

Tena aliyeandika alikikagua kisiwa chake kwa ukali kuliko mgeni yeyote. Matangazo ya safari yanaonyesha mchanga mweupe, jahazi na machweo. Al-Inkishafi, shairi refu lililotungwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wakati Pate imekwisha anguka, linaingia ndani ya majumba ya matajiri na kukuta popo, mende na buibui; vidaka vilivyokuwa vya kupangia vyombo vya Kichina sasa ni viota vya ndege. Aliyetunga alikuwa mwenyeji, na hakumwonea haya mtu. Kwa maoni yangu, kati ya msafiri, mwanahistoria na mshairi, ni mshairi aliyekiona kisiwa vizuri zaidi, kwa sababu hakuwa na cha kumuuzia msomaji wake. Hata hivyo macho yake nayo yana mpaka. Yako kwa wenye majumba. Waliochoma chokaa na kubeba boriti hawaombolezwi.

Niseme kidogo juu ya Ukerewe, maana ubishi wetu unasahau kwamba nchi hii ina visiwa visivyo na chumvi. Dagaa wanaomwagwa kwenye maturubai pale soko la Majengo wanatoka Ziwa Viktoria, na hakuna anayetengeneza bango la kuwaita watu wa Dodoma wakapumzike huko. Aniceti Kitereza, mwandishi wa Ukerewe, alimaliza riwaya yake kubwa kwa Kikerewe mwaka 1945, na ikapita zaidi ya miaka 30 kabla haijachapishwa kwa Kiswahili. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara, kisiwa jirani, kikiwa kimejaza kupita kiasi, na watu zaidi ya 220 wakafa. Kwa mtalii, kuvuka maji ni sehemu ya starehe. Kwa mwenye kisiwa ni safari ya sokoni na hospitali, na mara nyingine hakuna kurudi. Maelezo yoyote ya kisiwa yasiyo na hofu hiyo ni ya mtu aliyekata tiketi ya kwenda na kurudi.

Sasa nirudi kwenye shule na wazazi wao. Wanafunzi wengi hupelekwa Mkunazini, kwenye kanisa la Kianglikana lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka 1873. Wanashuka kwenye vile vyumba vya chini, wanatoka wakiwa kimya. Wanafundishwa kwamba uovu ule ulikuwa mahali pale. Hapa ndipo hoja ya "jasho la Bara" inapaswa kufika mwisho wake, na wengi wetu hatutaki ifike. Misafara iliyoshuka Pwani na watu shingoni wamefungwa ilipita Ugogo vilevile. Ilikunywa kwenye visima vile vile. Hongo niliyoitetea hapo juu ilipokelewa pia kutoka kwa misafara hiyo, na merikani ile ilivaliwa hapa. Wako watawala wa ndani ya bara waliouza mateka wao. Tukidai sehemu yetu katika utajiri wa Unguja, hatuwezi kuiacha sehemu yetu katika minyororo.

Ndiyo maana nasimama upande wa kwanza kwa sababu tofauti na ya wenzangu. Mtoto wa Dodoma ajifunze habari za misafara kabla ya kupanda boti ili afike Unguja kama mhusika. Mwenye kudai hulipwa akaondoka. Mhusika huulizwa, naye hana budi kujibu. Na akiwa huko awasikilize wenyeji juu ya mambo ambayo hayamhusu kabisa, karafuu, taarabu, ugomvi wa mitaa, bila kuyageuza yawe ya Bara.

Hilo linawezekana kwa nauli ile ile. Safari ianze Mpwapwa, ipitie Bagamoyo, ndipo iishie Mji Mkongwe. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, Mji Mkongwe mwaka 2000. Njia ya kati ya biashara ya pembe na watumwa, ambayo Mpwapwa na Kilimatinde ni vituo vyake, Tanzania iliiweka kwenye orodha ya kusubiri mwaka 2006. Walimu wa Historia wa mkoa huu wasingoje uamuzi wa kikao cha mbali. Wazee wa Mpwapwa na wa Kilimatinde wapo, wengine wana habari walizopokea kwa babu zao kuhusu misafara, na simu ya kurekodi iko mkononi mwa kila mwalimu.