Kuzungusha kituo cha angani: hesabu inakubali, sikio linakataa

Angani wanaanga huelea bila uzito, na misuli na mifupa yao hudhoofika; dawa inayopendekezwa ni kuwapa uzito kwa kuzungusha kituo chao. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Zungusha kituo kama gurudumu. Sakafu ya ukingoni itamsukuma mkazi kuelekea kitovuni, naye atajihisi ana uzito. Kwa mizunguko 2 kwa dakika, uzito kamili wa duniani unadai nusu kipenyo cha mita 224. Hilo ni gurudumu la karibu mita 450, wakati Kituo cha Kimataifa cha Anga, kilichojengwa kwa zaidi ya miaka 10, kina mita 109 tu.

Ukiongeza kasi hadi mizunguko 4, mita 56 zinatosha. Lakini hapo sikio la ndani linaanza ubishi. Mkazi akigeuza kichwa, majimaji ya sikioni yanatoa habari isiyoafikiana na macho, na kichefuchefu kinafuata. Akitembea mita 1 kwa sekunde kuelekea upande wa mzunguko, uzito wake unapanda karibu asilimia 9. Akirudi, unashuka vivyo hivyo. Majaribio ya Pensacola, Marekani, miaka ya 1960 yalionyesha kuwa watu huuzoea mzunguko wa taratibu, ila mizunguko 10 ni mateso.

Wanaopinga kuzungusha vituo wana hoja nzito: ili kulinda miili yao, wanaanga hufanya mazoezi kama saa 2 kila siku, na utafiti mwingi unafanyika huko kwa sababu hakuna uzito. Kwa vituo vya jirani na dunia, nakubaliana nao. Mirihi ni habari nyingine. Safari ni miezi 6 hadi 9, na ukitua hakuna wa kukubeba. Mazoezi pia hayazuii majimaji ya mwili kupanda kichwani, hali inayohusishwa na uvimbe nyuma ya macho. Mwaka 2016 Wajapani waliweka panya angani kwa siku 35: waliozungushwa hadi kupata uzito wa duniani walibaki na misuli na mifupa yao, walioelea walipoteza.

Wala gurudumu si lazima. Mwaka 1966 Gemini 11, chombo cha wanaanga cha Marekani, ilifungwa kwa kamba ya mita 30 na chombo kingine, vikazungushwa pamoja. Uzito uliopatikana ulikuwa kiduchu, lakini ulikuwepo. Kamba ndefu ni nafuu kuliko chuma, ijapokuwa ikikatika safari imekwisha.

Kinachokwamisha zaidi ni kipimo: uzito kiasi gani unatosha. Je, uzito wa Mirihi, asilimia 38 ya ule wa duniani, unautosha mwili? Binadamu walioishi na uzito pungufu kuliko wa duniani ni wanaanga wa Apollo pekee, safari za Marekani za mwezini, siku 3 mwezini kwa waliokaa zaidi. Chumba cha kuwazungushia wanyama na mimea kwa viwango mbalimbali, kilichokusudiwa kituo hicho cha kimataifa, kilifutwa 2005.