Injini ya Toyota 2C haipasui hedi bila sababu

Ukienda Gerezani jijini Dar es Salaam au barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi ukauliza habari za injini ya dizeli ya Toyota 2C, jibu utakalopewa kabla hujamaliza swali ni kwamba injini hiyo inapasua hedi, yaani kile kifuniko cha juu cha injini kinachoziba silinda. Sifa hiyo imeenea kiasi kwamba gari zuri lenye bodi safi hushuka bei mara mnunuzi anapofungua boneti na kugundua kuwa ni la dizeli. Sikatai kwamba hedi za 2C hupasuka, tena mara nyingi. Ninachokataa ni kuiona kasoro hiyo kama ugonjwa wa kuzaliwa nao usio na kinga, kwa sababu injini nyingi za aina hii zilizokufa mikononi mwetu zimeuawa na maji, au tuseme na ukosefu wa maji, na sisi ndio tunaosimamia maji hayo.

Tuitazame kwanza injini yenyewe. Ni ya silinda 4 zilizopangwa mstari mmoja, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,974, ambapo kipenyo cha silinda ni milimita 86 na mwendo wa pistoni ni milimita 85. Bloku ni ya chuma cha kusubu na hedi ni ya alumini, ikiwa na kemshafti moja juu inayofungua valvu 8, na mkanda wa taimingi unaoizungusha kemshafti ndio huohuo unaoizungusha pampu ya dizeli. Isiyo na taibo hutoa nguvu za farasi zipatazo 72, na ile ya 2C-T yenye taibo hupita 80. Iliyoitangulia, 1C, ilikuwa na ujazo wa 1,839, na iliyoifuata, 3C, ilifikia 2,184. Familia hii ilianza miaka ya 1980 na ikafungwa katika Corolla, Carina, Corona, Caldina, LiteAce na TownAce, yaani magari yaleyale yaliyojaa katika barabara zetu baada ya kutumika Japani.

Jambo la kuzingatia ni mahali dizeli inapoanzia kuwaka. Katika 2C dizeli hainyunyiziwi moja kwa moja juu ya pistoni, bali ndani ya chumba kidogo kilichomo kwenye hedi yenyewe, ambamo hewa iliyogandamizwa kwa uwiano wa 23 kwa 1 huzunguka kwa kasi na kuchanganyika na mafuta. Mpango huu huifanya injini iwe tulivu kiasi na isichague sana noseli za kunyunyizia dizeli, lakini huifanya hedi ibebe joto jingi kuliko hedi ya injini ambayo dizeli huwakia katika kichwa cha pistoni. Joto hilo hukusanyika karibu na ule utepe mwembamba wa alumini ulio kati ya valvu ya kuingizia na ya kutolea, na hapo ndipo ufa huanzia. Zaidi ya hayo, alumini hutanuka kuliko chuma kwa joto lilelile, kwa hiyo hedi iliyobanwa na boliti juu ya bloku haina pa kukimbilia inapopata moto kupita kiasi. Maji yakiwa kamili na yakizunguka sawasawa, utepe ule hudumu miaka mingi. Yakipungua kwa muda wa kupanda mlima mmoja tu, umekwisha.

Sasa tuangalie tunavyoyatendea maji hayo. Mazoea mabaya kuliko yote, na ninayasema haya kwa uchungu kwa kuwa yanafanywa na mafundi ninaowaheshimu katika mambo mengine, ni kutoa thamostati, ile valvu inayofungua na kufunga njia ya maji kulingana na joto. Hoja yao ni kwamba thamostati inazuia maji, basi ikitolewa maji yatapita kwa wingi na injini itapoa. Lakini mfumo wa kupoza wa injini hizi una njia ya pembeni inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupitia kwenye rejeta inayoyapoza, na njia hiyo huwa wazi injini ikiwa baridi ili ipate joto haraka. Thamostati inapofunguka, takriban nyuzijoto 82, sehemu yake ya nyuma huiziba njia hiyo na kuyalazimisha maji yote yaende kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya pembeni hubaki wazi siku zote, na sehemu ya maji ya moto huendelea kuzunguka ndani bila kupozwa. Barabara ikiwa tambarare hutaona tofauti, na asubuhi utaona hata geji imeshuka ukafurahi. Utakapoupanda mlima wa Kitonga ukiwa na mzigo ndipo utakapojua.

Kifuniko cha rejeta nacho hudharauliwa, ingawa ni kipuri cha bei ndogo. Kile chenye maandishi 0.9 huzuia mvuke hadi shinikizo lifikie karibu bar 0.9 juu ya shinikizo la hewa ya nje, na ndiyo maana maji ndani ya mfumo hayachemki hata yanapopita nyuzi 110. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Mbeya haiko mbali na kimo hicho. Huko maji yaliyo wazi huchemka takriban nyuzi 94. Gari linaloendeshwa Mbeya likiwa na kifuniko kilichochoka mpira, au kile kilichofungiwa kitambaa, linabakiwa na nafasi ndogo sana kati ya joto la kawaida la kazi na kuchemka. Dereva aliyezoea Tanga au Mombasa anaweza kuendesha hivyo kwa miezi asione tatizo, kisha safari moja ya nyanda za juu ikamgharimu hedi.

Wenye LiteAce na TownAce wana mzigo wa ziada. Injini imekaa chini ya viti vya mbele, hewa inaifikia kwa taabu, na mipira ya maji ni mirefu kuliko ya Corolla. Hewa ikinaswa humo wakati wa kujaza maji, hukaa kama mfuko ambao hakuna kitakachoupoza. Kujaza maji katika gari la namna hii ni kazi ya subira: uliinue pua, ufungue hita ya ndani hadi mwisho wa joto, uwashe injini kifuniko kikiwa wazi, uuminye mpira wa juu kwa mkono mara kwa mara, na uendelee kuongeza hadi mapovu yakome na hita ianze kutoa joto la kweli. Fundi anayemimina maji hadi juu, akafunga na kukukabidhi ufunguo, hajaimaliza kazi.

Geji nayo inaweza kukudanganya katika saa mbaya zaidi. Kipima joto hupima maji yanayokigusa, na maji yakiisha hubaki kwenye mvuke na hewa, kwa hiyo mshale unaweza kushuka wakati hedi inaungua. Mshale uliopanda kisha ukaanguka ghafla ni amri ya kusimama. Na ukisimama, usilimimine dumu la maji ya baridi kwenye injini iliyochemka, jambo ambalo mtu huliona kila mara pembezoni mwa barabara zenye milima. Iache ipoe yenyewe, hata kama ni saa nzima, kwa maana maji ya baridi yanayokutana na alumini ya moto hufanya katika dakika moja kile ambacho mlima haukuwahi kukifanya.

Kuna dhambi nyingine inayoua hedi ambayo haihusiani na maji hata kidogo. Mwenye gari hulalamika kuwa halivuti, na fundi huizungusha skrubu ya pampu ili dizeli iongezeke. Gari hupata nguvu kidogo, hutoa moshi mweusi, na joto la moshi unaotoka hupanda. Injini ya farasi 72 katika gari lililojaa abiria haiwezi kugeuzwa kuwa nyingine kwa bisibisi. Kama imepoteza nguvu zake za asili, kilichoziba ni chujio la hewa au la dizeli, au noseli zimechoka, na huko ndiko pa kuanzia.

Hedi ikishapasuka, matengenezo yetu mara nyingi huzaa ufa wa pili. Kuichonga hedi hii ili inyooke ni jambo la tahadhari, kwa sababu vyumba vidogo vya kuwakia vimechomekwa ndani yake na lazima vikae sawa na uso wa hedi. Gasketi zinazokaa kati ya hedi na bloku nazo huja kwa unene zaidi ya mmoja, na unaofaa huchaguliwa baada ya kupima pistoni zinavyochomoza juu ya bloku. Kuweka yoyote iliyopo dukani ni kubahatisha. Tena hakuna maana ya kununua hedi, hata ikiwa mpya, kisha kuirudisha kwenye rejeta iliyojaa kutu. Ukiuliza kwa nini hedi ya kwanza ilipasuka ukakosa jibu, usifunge ya pili.

Pampu ya dizeli inastahili neno lake. Ni pampu ya kuzungusha ambayo hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake, bila oili yoyote ya pembeni, na kwa hiyo uchakachuaji wa mafuta huiumiza moja kwa moja. Mafuta ya taa ni membamba na hayalainishi vya kutosha. Tanzania ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011 na Kenya ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018, zote zikilenga kuondoa faida ya kuyachanganya na dizeli, na mwenye 2C alikuwa miongoni mwa waliohitaji zaidi hatua hizo. Maji yaliyomo kwenye dizeli ni adui wa pili. Chini ya chujio kuna koki ya kuyatolea, na kuifungua mara kwa mara ni kazi ya dakika chache.

Mkanda wa taimingi ubadilishwe kila kilomita 100,000, au mapema zaidi kama historia ya gari haijulikani, kwa kuwa ukikatika valvu hukutana na pistoni. Hita plagi, zinazopasha joto vyumba vya kuwakia kabla ya kuwasha, zikifa injini itasumbua kuwaka asubuhi za baridi, nazo hubadilishwa kwa urahisi. Usiizoeshe kuwashwa kwa kupuliziwa dawa za kulipuka. Moshi wake nao ni suala zito, kwa kuwa shirika la utafiti wa saratani chini ya WHO liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la visababishi vya saratani mwaka 2012, na 2C haina chujio lolote la masizi. Kwa daladala la mjini nisingeipendekeza. Kwa gari la shamba na la safari ndefu vijijini, ambako urahisi wa kutengenezeka ndio unaookoa safari, bado naiheshimu.

Anayetaka kuinunua leo aifikie ikiwa baridi kabisa, afungue kifuniko cha rejeta mwenyewe, aangalie kama maji yana rangi ya kulanti, yaani dawa ya kupozea, au ya kutu, kisha aiwashe kifuniko kikiwa wazi na kutazama. Mapovu yasiyokoma, au mpira wa juu kuwa mgumu kama jiwe dakika chache baada ya kufunga kifuniko wakati maji bado ni vuguvugu, maana yake ni kwamba mgandamizo wa silinda unavujia kwenye maji, na hapo bei haijadiliwi tena. Aulize pia kama thamostati ipo. Kwa 3C-TE za Ipsum, Gaia na Noah ningeongeza sharti moja, kwa kuwa pampu yake ya dizeli inadhibitiwa kielektroniki na haitengenezwi na kila fundi: nisingelipa chochote kabla fundi wa pampu mwenye mashine ya kuipimia hajaithibitisha.