Mafuta Mekundu

Gari langu halina kiyoyozi, na ninaishi Houston. Aliyewahi kuionja Agosti ya Houston hahitaji kuambiwa zaidi kuhusu akili zangu. Kiyoyozi kilikuwepo tangu kiwandani. Nilikifungua mwenyewe, kompresa na mabomba yake yote, nikakipandisha kwenye mizani ya bafuni, kisha nikaenda kumwonyesha mke wangu namba. Akaniuliza kama naye nitampima nione kama anaondoleka.

Gari lenyewe ni Mazda Miata ya mwaka 1990, la viti viwili, paa la turubai, na taa za mbele zinazolala ndani ya bodi na kuinuka ukiziwasha. Kwingine duniani linaitwa MX-5. Injini ni ya lita 1.6 yenye nguvu za farasi 116, na siku hizi gari la kupelekea watoto shule linaweza kuwa na mara mbili ya hizo. Sifa yake ni wepesi. Halifiki tani moja, na uzito umegawanyika karibu sawasawa mbele na nyuma, kwa hiyo kwenye kona linageuka kabla hujamaliza kuliomba. Mtu akishaingiwa na ugonjwa wa Miata hahangaiki kwanza na nguvu. Anapunguza uzito.

Nilipunguza hasa. Redio, zulia, tairi la akiba, jeki, pampu ya pawa stelingi pamoja na mafuta yake, vyote vilitoka. Ubaya wa mchezo huu wa mashindano ya magari ni kwamba kila ukitoa kitu, kitabu cha kanuni kinakupandisha daraja, unakwenda kushindana na watu waliotoa vingi kuliko wewe, unashindwa, unarudi nyumbani kutafuta cha kutoa. Nikafika mahali nikaanza kuviangalia vibaya vizibo vya mpira. Sakafu ya buti la Miata ina matundu ya kiwandani yaliyozibwa kwa vizibo vidogo vyeusi. Nilivichomoa vyote. Mizani ya bafuni ilikataa hata kuvisoma, lakini moyoni nilijua gari limepungua.

Viti navyo vina habari yake. Kwenye sakiti, yaani uwanja wa mbio za magari, gari la wazi haliruhusiwi bila nondo ya kumlinda dereva likipinduka, na wakaguzi wana kipimo cha kizamani kabisa: wanalaza mpini wa ufagio kutoka juu ya fremu ya kioo cha mbele hadi juu ya nondo, na helmeti yako iwe chini ya mpini huo. Mimi ni mrefu. Helmeti yangu iliunyanyua mpini. Dawa yake inajulikana na kila mwenye Miata aliyejaliwa miguu: unavua kitambaa cha kiti, unakata sponji iliyo ndani. Nilikata kwa kisu cha mkate, usiku, sebuleni. Cha abiria nacho nikakikata, kwa sababu mwalimu wa sakiti hukaa pale na kichwa chake nacho kinapimwa. Tangu hapo ukikaa ndani ya gari langu unatazamana na rimu za watu.

Ndipo mama mkwe akaja kututembelea kutoka Kigoma.

Alikuja na sanduku la dagaa na chupa moja ya pilipili. Hiyo chupa naomba niieleze vizuri. Zamani ilikuwa ya mayonezi. Ndani yake mlikuwa na pilipili kichaa zilizokaangwa kwenye mawese mpaka zikakubali yaishe, zikatulia chini pamoja na mbegu zake, na juu yake mafuta yakasimama, mekundu, yanang'aa ukiyainua kwenye mwanga. Mdomo ulikuwa umefungwa kwa mfuko wa nailoni, juu ya nailoni kifuniko, juu ya kifuniko mpira. Haikuwa yetu. Ilikuwa ya shoga yake wa tangu usichana, anayeishi upande wa pili wa jiji, ambaye kwa simu alikuwa ameiulizia hiyo chupa kuliko alivyomuulizia mgeni mwenyewe. Sisi wa nyumbani tuliruhusiwa kuitazama.

Jumapili mke wangu alikuwa zamu hospitali na gari la maana alikuwa ameondoka nalo. Mimi nilikuwa na autokrosi, hayo mashindano yangu ya magari. Tukakubaliana mama aende nami, akae kivulini aangalie, tukimaliza tupitilize kwa shoga yake.

"Shikamoo mama, gari tayari."

"Marahaba baba." Akainama, akakichungulia kiti. "Mbona hiki hakina chini?"

"Kina, mama. Kiko mbali kidogo."

Akaingia kwa awamu. Tulipoipata barabara kuu akaniomba nifungue hewa. Nikamwambia hewa ndiyo hiyo inayopita kichwani. Akakishika kilemba kwa mikono miwili na hakusema neno tena mpaka tulipofika, isipokuwa kwa Mungu.

Anayeijua autokrosi ya Kenya, ya vumbi na mchanga, aiweke kando kidogo. Hii ya Marekani hufanyika kwenye lami, mara nyingi uwanja mkubwa wa kuegesha magari siku usipotumika. Wanapanga koni za plastiki, zinatengeneza njia ya kujipinda, mnaingia mmoja mmoja, mnapimwa muda mpaka sehemu ndogo za sekunde. Mzunguko mmoja ni kama dakika moja. Ukiiangusha koni unaongezewa sekunde 2, ukipotea njia mzunguko hauhesabiwi. Mwendo wenyewe si wa kutisha, ila kona zimefuatana kiasi kwamba nafasi ya kumeza mate hupati.

Kabla ya kuanza watu huitembea njia kwa miguu ili waikariri. Mama mkwe akawaona wanaume na wanawake wazima wanapita katikati ya koni, wanajipinda, wanazungusha usukani ambao haupo, wengine wanaongea peke yao.

"Wamedondosha nini?"

"Hakuna, mama. Wanakariri njia."

"Na anayeshindana naye yuko wapi?"

"Tunashindana na saa."

Akaniangalia kwa huruma. Baadaye magari yalipoanza kurudi, akawaona watu wanayanyunyizia matairi maji kwa pampu za bustanini. Nikamweleza kuwa tairi laini likichemka kupita kiasi linapoteza mshiko, kwa hiyo tunalipoza.

"Kiyoyozi cha watu umeking'oa," akasema, "halafu unapoza tairi."

Hilo sikulijibu, na hadi leo sina jibu lake.

Asubuhi hiyo tulikuwa tumepita ukaguzi. Mkaguzi, mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe na mikono ya gereji, alitikisa magurudumu kuona kama beringi zina mchezo, akavuta betri kuona kama imefungwa, akakanyaga breki, akaagiza kila kisichofungwa kitoke garini. Nikatoa kila kitu, hata kalamu. Chupa ya mama nikaiweka vizuri chini ya turubai la kukalia watazamaji, kwenye kivuli, nikamwonyesha iko wapi.

Tatizo la kivuli ni kwamba kinahama. Na katika autokrosi, usipokuwa ndani ya gari unafanya kazi: unasimama juani kwenye kituo chako, unaokota koni walizoangusha wenzako. Nilipokuwa huko, jua lilimfikia mama mkwe na likaifikia chupa yake. Mama aliyatazama mafuta yanaanza kucheza ndani ya chupa, akazunguka kuangalia mahali penye baridi, akaliona buti la mkwe wake limefunuliwa, tupu, safi, halina hata zulia. Akaivingirisha chupa kwenye kipande cha kitenge, akaibana upande wa kulia karibu na betri ili isicheze, akarudishia buti taratibu kama anavyofunga mlango wa chumba cha mtoto aliyelala. Haya yote niliyajua baadaye.

Zamu yangu ikafika. Helmeti, mkanda, gia ya kwanza, bendera ya kijani. Nilitoka vizuri kuliko siku zote. Kona ya kwanza ikakubali, ya pili ikakubali, nikaingia kwenye mstari wa koni za kupita huku na huku: kushoto, kulia, kushoto, kulia. Hapo nyuma kukalia *ko*. Nikadhani ni bushi za miguu ya gari. Kulia tena, *ko*, halafu kishindo cha kitu kuachana na kitu. Nikasema bushi gani hiyo yenye sauti ya kioo, lakini saa inakimbia na mimi ninakimbia, nikaendelea.

Kilichofuata ni harufu. Nasema kweli, kwa nusu sekunde nilifurahi. Ilikuwa harufu ya jikoni kwa watu, ya kikaango kikiwa kimekolea moto, na mtu wa ughaibuni harufu hiyo ikimkuta popote atafumba macho. Mimi niliyafumba kwa sababu nyingine. Sailensa ya Miata inakaa chini ya buti, upande huohuo wa kulia, na baada ya mbio ile ilikuwa ya moto wa kuunguza. Mafuta yalishuka na mbegu zake kupitia tundu lisilo na kizibo, yakatua juu ya chuma.

Moshi wa pilipili ninyi mnaujua, sina haja ya kuueleza. Paa la gari lilikuwa limefunuliwa. Nilikohoa ndani ya helmeti, nikapiga chafya ndani ya helmeti, koni mbili zikaenda, na kwa jicho moja lililobaki nikaiona bendera nyekundu inapepea kama inamfukuza nyuki. Nikasimama.

Waliokuja mbio na mtungi wa kuzimia moto walifika hatua chache kutoka kwa gari, wakageuka, wakarudi mbio zilezile. Upepo ukauchukua moshi kuelekea kwenye trela la wapiga saa. Mtangazaji alikuwa ametamka namba ya gari langu na kuanza kusema kwamba inaonekana kuna hitilafu kidogo. Neno la mwisho likageuka kikohozi, na kikohozi hicho kikasikika kwa spika uwanja mzima mpaka mtu akamzimia maikrofoni.

Moshi ulipopungua, wataalamu wakakusanyika nyuma ya gari. Chini palikuwa na kidimbwi chekundu. Kila mpenda magari anajua mafuta mekundu ni nini: ni ya gia ya otomatiki au ya pawa stelingi. Mmoja akasema otomatiki. Nikasema gari ni la gia za mkono. Mwingine akasema pawa stelingi basi. Nikasema pampu niliing'oa, iko gereji kwenye ndoo. Wakatazamana. Gari lilikuwa linavuja kitu ambacho halina.

Yule mzee wa ukaguzi akapiga goti. Fundi halisi hatumii maneno: alichovya kidole, akasugua kati ya kidole na gumba kupima utelezi, akanusa. Akaguna. Akanusa tena, safari hii kwa kina zaidi, akapiga chafya iliyomkalisha kwenye lami. Jasho likamtiririka usoni, na kwa mkono uleule akalifuta jicho.

Alipopiga ukelele, mtu mmoja akakumbuka kwamba betri ya Miata inakaa kwenye buti. "Asidi!" Hapo ndipo kila mtu alipopata kazi. Mmoja akaleta magadi soda, akayamwaga kwenye kidimbwi. Vijana wawili wakaja na pampu zao za kupozea matairi, wakamnyunyizia mzee maji ya jichoni kutoka pande mbili mpaka ndevu zote zikalowa, naye katikati anauliza kwa nini asidi inanukia chakula.

Umati ukapasuka, akapita mama mkwe na mwavuli wake. Hakumsalimia mtu. Alifungua buti, akachungulia, akaweka mkono kifuani.

"Chupa yangu!"

Ikanibidi niwaeleze. Niliwaambia ni chakula. Wakanyamaza. Niliwaambia ni kiungo tu, kinatiwa kidogo pembeni ya sahani. Mzee, jicho limevimba kama nini, akaniuliza watu wanaokila wako hai.

Baada ya hapo kulikuwa na kikao. Kanuni inasema dereva akisimamishwa kwa sababu isiyo yake anapewa mzunguko mwingine, lakini gari lake mwenyewe likiharibika hapewi. Je, pilipili ni uharibifu wa gari? Walikifungua kitabu kweli. Wakaamua kwamba ni kitu kilichoachwa huru ndani ya gari, mzunguko umefutwa, na niwashukuru hawanifukuzi. Wakati wanajadili, wengine walikuwa wanamwaga chembe za kunyonya mafuta kwenye lami na kuzifagia, na kila anayefagia anapiga chafya, anapokezana na mwingine.

"Wamesemaje?" mama akaniuliza.

"Wamesema nisafishe, mama."

"Na chupa nani ataleta?"

Jioni alimpigia simu shoga yake nikiwa nasikia. Hakutaja koni, wala sailensa, wala mzee wa watu. Alisema tu kwamba mkwe wake ni kijana mzuri, ana kazi, ana adabu, ila maisha ya Marekani yamemkaba mpaka amenunua gari lenye matundu.

Vizibo nimevirudisha. Lakini mawese yalikuwa yameshaingia kwenye kila mshono wa sailensa, na kila lilipopata moto gari lilianza kukaanga upya. Kwenye sakiti dereva mmoja aliyekuwa nyuma yangu aliingia pembeni kuosha macho. Mwishowe nilinunua sailensa nyingine, nyepesi zaidi, na ile ya zamani nikamuuzia kijana mmoja kwa bei ya kutupa. Akanipigia simu kesho yake jioni, anakohoa, akaniuliza kwa heshima kabisa gari langu lilikuwa linatumia mafuta gani.